Vyumba Sita vya Mzungu

Siku waliyotoa kitanda changu nje, mke wa mwenyekiti alisimama katikati ya chumba changu, amekunja mikono, anaangalia ukuta. Vijana wawili walikuwa wamebeba godoro. Akawaambia, "Polepole hapo mlangoni, msikwaruze rangi."

Hakusema pole Mama. Aliionea huruma rangi.

Wacha nirudi nyuma, maana mtu atadhani nilikuwa mpangaji aliyeshindwa na kodi. Mimi na mzee wangu tulikuwa wanachama wa kampuni iliyonunua shamba la mzungu huku njia ya kwenda senta ya Ziwa, na kadi ya hisa tulikuwa nayo. Tukingoja kupimiwa ploti, familia sita tuliwekwa kwa nyumba ya huyo mzungu, kila familia na chumba chake. Tulipika humo, tukalala humo, ukuta ukawa mweusi kama chungu.

Ndipo mwenyekiti wa kampuni akaitisha mkutano. Mpima ardhi anakuja, akasema, na asitukute tukiishi kama vibarua. Atakayepaka chumba chake rangi ya kisasa, kamati itajua yuko tayari kuwa mwenye ardhi, na atapewa ploti ya juu, karibu na nyumba. Karani wake akaandika kitabuni. Aliandika nini sijui. Sisi wengine shule tuliichungulia tu dirishani.

Kesho yake mke wa mwenyekiti akapita chumba kwa chumba na kadi ya rangi kutoka duka moja la Eldoret mjini, rangi zimepangwa kama peremende. Mimi nilitaka njano.

"Njano? Mama, unafungua hoteli?" akacheka. "Weka hii samawati. Siku hizi ndiyo rangi ya chumba cha kulala."

Mzee wangu akaninong'oneza, "Na sufuria nayo italala wapi?"

"Nyamaza wewe, mama anatusaidia."

Hata chai nilimpikia! Nikauza mtamba wangu wa pekee, nikanunua rangi. Siku tatu nilisugua masizi kwa jivu na sabuni mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Jirani wa chumba cha mbele aliambiwa krimu, wa jikoni kijani cha majani machanga. Tulitembeleana tukisifiana, wajinga sisi, na hakuna aliyeuliza kwa nini familia sita zinachaguliwa rangi na mama mmoja.

Mpima akaja, akanywa chai ndani ya hicho chumba cha krimu. Kisha karani akatusomea: nyumba na ploti za juu ni ofisi ya kampuni, na mwenyekiti ndiye atahamia kuilinda. Ofisi yenye chumba cha kulala cha samawati! Sisi familia zote sita tukatupwa chini kwenye kinamasi, mahindi yanaoza kabla ya kubeba. Baridi ya huko iliingia kifua cha mzee wangu, na haikutoka mpaka tulipomzika.

Mwenyekiti yuko hai. Karani yuko hai, ana duka lake hapo senta. Wasiniambie hayo ni ya zamani. Waje mbele ya wanachama tuliobaki, wafungue kile kitabu na waseme ni mkutano gani ulikubali nyumba iwe yao, na nani alinyoosha mkono. Na huyo mama aje pia. Aniambie usoni: alipokuwa akinichagulia rangi, alijua chumba ni cha nani?