Mashine ya Ukungu ya Baba Oscar

Mimi Shamsia sina subira na mwanamume anayelia mbele za watu, na nilimwambia Eustace hivyo hivyo siku tuliyomzika mkewe. Akaniitikia, "Ndiyo, mama," akaendelea kulia. Baadaye nikagundua hakuwa amenisikia. Kwa muda mrefu baada ya pale ungeweza kumwambia lolote, hata kwamba nyumba inaungua, angekuitikia vizuri tu na kubaki pale pale alipokaa.

Tulikuwa majirani pale Bigwa, ukuta kwa ukuta, na sote wawili wakuja. Mimi nilitoka Tabora nikimfuata mume aliyefanya kazi reli. Mume akafa, nikabaki na vitumbua vyangu. Yeye ni Mhaya wa Muleba, kazi ya kiwandani ndiyo iliyomleta Morogoro. Kiwanda kilipouzwa wakapunguzwa watu, naye akiwemo, akafungua kibanda cha kunyoa nywele kando ya barabara. Mwenyeji kati yetu alikuwa mkewe peke yake, Scholastika, Mluguru wa Mgeta, kule juu milimani kwenye kabichi na viazi na baridi ya kung'ata meno. Alipofariki, mle ndani akabaki Eustace na watoto wawili. Oscar alikuwa bado hajaanza shule, na Juliana ndiyo kwanza anajifunza kutembea bila kushika ukuta. Ndugu zake wa Muleba hata msibani hawakufika. Walituma pole.

Sasa, siku ya kumaliza matanga alishuka Lukasi, kaka mkubwa wa marehemu, na wazee wa ukoo wao. Mtu mpole, maneno machache. Alimpakata Juliana, mtoto akakohoa, naye akamwekea sikio mgongoni akasikiliza. Akasema vifua vya watoto si vizuri, kwamba yeye atashuka tena wakishavuna viazi, aje awaangalie. Akanywa chai, akaaga, akapanda lori la mboga. Hakusema zaidi ya hapo.

Jioni ile Eustace alikuja kwangu amekunja uso. Aliniambia wale watu wanatafuta sababu ya kumnyang'anya watoto. Wanataka waone mwanamume mpweke ameshindwa kulea, wapate la kusema. Nami niliona hivyo hivyo, kwa nini nidanganye. Kwao Muleba mtoto ni wa baba, na baba akiwa hai nani atauliza? Ila baba mzembe, huyo ndiye anayeweza kusemwa. Basi tukakubaliana kwamba dawa ni moja: Lukasi akirudi akute watoto wazima, asikie vifua vimenyamaza, akose cha kusema.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne, mwezi wa saba, upepo wa mlimani umekauka, vumbi mpaka kwenye unga. Mchana watoto walikuwa wanacheza kama kawaida. Ikiingia usiku ndipo pua zinaziba, wanahema kwa mdomo, koo zinakauka, wanakohoa mpaka wanatapika. Mimi niko upande wa pili wa ukuta, nasikia yote. Muuguzi wa zahanati aliwapima akasema ni mafua tu, vifua havina nimonia. Awape vitu vya vuguvugu, awatie matone ya maji ya chumvi puani, na hewa ya chumbani isiwe kavu mno. Nikamwambia Eustace awafukize kama tunavyofanya wote: sufuria ya maji ya moto, majani ya mchaichai, khanga juu ya kichwa. Alijaribu. Watoto walipiga kelele mpaka nikakimbilia kule nikidhani wameungua. Kumbe mama yao alikuwa anaingia nao chini ya khanga, anawaimbia Kiluguru humo humo kwenye giza. Eustace aliingia nao, lakini Kiluguru hajui, na kuimba ndiyo kabisa. Oscar akamwambia atoke. Alinisimulia neno hilo huku anatazama pembeni, na mimi siku hiyo sikumkemea.

Habari ya mashine aliipata kibandani kwake. Mwalimu mmoja wa chuo cha Mzumbe, aliyesoma Ulaya, alikuwa ananyolewa akamwambia kuna kidude cha umeme kinachotoa mvuke chumbani, watoto wenye mafua wanalala vizuri. Siku zile za ruksa, bidhaa za nje zimefunguliwa, kila siku mjini kulikuwa na kitu kipya kutoka Dubai: redio, pasi, mapazia, mpaka maua ya plastiki. Akafunga kibanda, akaniomba nimsindikize, kwa kuwa, alivyosema, mimi nina mdomo na wauza duka wananiogopa. Hilo ni kweli.

Kwa Abasi, duka la vyombo vya umeme karibu na soko, zilikuwepo mbili. Moja inachemsha maji, unatoka mvuke wa moto kabisa, tena ina kikombe juu cha kutilia dawa ya kunukia. Nyingine haichemshi. Inatoa ukungu wa baridi, mweupe, kama ule unaoshuka mlimani asubuhi. Abasi aliisifu ya moto mpaka mate yakamkauka: bei ni nafuu, mafua yanakimbia, wateja wote wanachukua hiyo. Nami nikamwambia Eustace achukue ya moto, maana mafua na baridi wapi na wapi.

Eustace akaomba karatasi ya maelezo. Mhaya huyo, hanunui hata kiberiti bila kusoma kilichoandikwa. Akasoma maelezo ya zote mbili amesimama, wateja wanampita. Halafu akasema atachukua ya baridi. Abasi akamuuliza kwa nini, naye akajibu kwa sauti ya chini.

"Binti yangu mdogo huwa anaamka usiku anamtafuta mama yake. Anapapasa kila kitu gizani. Akiikuta ya moto itamuunguza."

Abasi akairudisha ya moto kwenye rafu. Aliifunga ya baridi kwenye boksi, akaongeza na waya wa umeme bure. Mimi nilijifanya natazama mapazia.

Na aliitunza mashine ile, jamani. Maji yake aliyachemsha kwanza, akayapoza, ndipo akayatia. Kila asubuhi aliiosha na kuianika juani kabla ya kwenda kibandani, kwa sababu karatasi ilisema ikikaa na uchafu inarusha vijidudu badala ya ukungu. Aliiweka juu ya kabati, mbali na mikono. Dirisha aliliacha wazi kidogo ili kuta zisitote. Umeme ukikatika, na mwaka ule ulikuwa unakatika kila mara, alitundika mataulo yaliyoloa karibu na kitanda, akaendelea na matone yake ya chumvi. Sijui ni mashine, ni matone, au ni mafua yenyewe yaliyochoka. Ila polepole kile kikohozi cha upande wa pili wa ukuta kikapungua. Ikafika siku Eustace akaja asubuhi kununua vitumbua, akaniambia watoto wamelala mpaka kumekucha. Alikuwa amenyoa ndevu. Nilimtania kwamba kumbe chini ya yale manyoya kulikuwa na mtu, akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka.

Lukasi alirudi kama alivyosema, viazi vilipokwisha kuvunwa. Safari hii alikuja na dada yake mdogo, Editha, amebeba khanga mbili mpya. Eustace alinikaribisha nami, nadhani alitaka shahidi. Watoto walimwamkia mjomba wao vizuri, Oscar akamwonyesha mashine, akaeleza inavyotoa moshi usiounguza. Lukasi aliitazama kwa heshima, akauliza maswali, akafurahi. Kisha akampakata Juliana, akamwekea sikio mgongoni kama siku ile. Akasikiliza kwa muda mrefu. Eustace alikuwa anatabasamu kabisa, anasubiri.

"Umewatunza vizuri, shemeji," Lukasi akasema. "Tulikuwa tunaogopa kuwapandisha kwenye ile baridi wakiwa wanaumwa. Sasa wamepona, wanaweza kusafiri."

Eustace akauliza kusafiri kwenda wapi. Lukasi akashangaa. Nilimwona anashangaa kweli, hakuwa na hila. Akamweleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni, kwamba kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Mama akifa, watoto wanarudi kwa bibi yao, na mjomba ndiye anayesimama. Hakuna aliyemlaumu. Hata angekuwa tajiri wa mji mzima ingekuwa hivyo hivyo. Wao walidhani Scholastika alikwisha kumwambia. Mafua tu ndiyo yaliyowachelewesha.

Huu mdomo wangu wanaouogopa wauza duka haukusaidia kitu siku hiyo. Eustace alisema yeye ni baba yao. Lukasi akakubali, akasema ndiyo, wewe ni baba yao, njoo kuwaona wakati wowote, nyumba ni yako. Editha alikuwa tayari anamfunga Juliana mgongoni kwa khanga mpya, na mtoto, nani amlaumu, alilaza shavu kwenye mgongo ule akatulia. Nadhani ulinukia kama wa mama yake. Eustace aliliona hilo. Hakubishana tena.

Aliwapa mashine waende nayo. Lukasi akaikataa kwa upole, akasema kule juu hakuna umeme, na ukungu wanao mwingi.

Lori liliondoka mchana. Siku zilizofuata hakuja kununua vitumbua, na mimi nilikaa upande wangu wa ukuta nikisikiliza. Hakukuwa na sauti yoyote. Kisha asubuhi moja akatokea, amenyoa, amevaa shati safi, mashine iko kifuani ameikumbatia kwa mikono miwili, imeoshwa inang'aa. Akanipa shikamoo, nikaitikia. Akaniuliza kama kuna mtoto yeyote anayekohoa, kwangu au kwa jirani yeyote.

Nilifikiri kwanza, nikapitia nyumba zote za pale moja moja. Nikamwambia hakuna, wote wazima. Akasema, "Haya, mama," akasimama kidogo, kisha akarudi nayo ndani.