Sepetu Lililobaki Garini

Mama aliyenifundisha kuteleza kwenye theluji anatoka Bukavu. Nilikutana naye kwenye nyumba ya wazee huko Guildford, wote tukiwa walezi wa shifti ya asubuhi. Mimi ni mtu wa Singida, na kabla ya kuja Sydney barafu niliyoijua ni ile ya kwenye friji. Yeye aliwahi kuosha vyombo misimu miwili ya baridi kwenye hoteli ya milimani, mwendo wa saa sita kwa gari kutoka jijini, na mpishi mmoja akamzoesha ski, zile mbao ndefu nyembamba za kufunga miguuni, siku zao za mapumziko. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mfupi, na magoti yake yalikuwa imara kuliko yangu.

Misimu mitatu ya kwanza tuliteleza penye lifti, viti vya kamba vinavyopandisha watu mlimani, kwenye njia zilizosawazishwa na mashine. Msimu wa nne akanitoa nje ya njia hizo. Huko unabandika kitambaa chenye manyoya chini ya ski ili zisirudi nyuma, unapanda mlima kwa miguu yako mwenyewe, na ukifika juu unakibandua ndipo unateleza. Nilipapenda kuliko penye lifti, kwa sababu hakukuwa na foleni wala muziki.

Kabla ya kumfuata huko nilikwenda kozi ya siku mbili. Mwalimu alitueleza kwamba hata milima ya Australia, iliyo ya mviringo na isiyotisha kuitazama, theluji yake huporomoka na kufukia watu. Alituonyesha vitu vitatu vya kubeba. Kuna kiredio cha kuvaa kifuani, kinachotoa ishara muda wote, ili ukifukiwa, mwenzako aifuate kwa kiredio chake. Kuna fimbo ndefu ya kukunja, ya kuchomea theluji mpaka iguse mtu. Na kuna sepetu dogo la kumfukulia. Nilinunua vyote.

Mama alinicheka, ingawa kwa upole. Alisema hoteli ilikuwa na watu wengi waliopanda ile milima kila wiki, na hakumwona hata mmoja akibeba sepetu. Nilimweleza kwamba vyangu peke yangu havina maana: mimi nikifukiwa, yeye ndiye wa kunitafuta, naye hana kitu mkononi. Baadaye nikampatia seti ya pili, niliyouziwa na mtu aliyekuwa anahama nchi. Aliipokea kama mtu anavyopokea kitenge cha zawadi ambacho si rangi yake, kwa heshima, na msimu ule akaibeba kila safari huku akilalamikia mgongo.

Msimu uliofuata ndipo tulipoanza kuchagua siku. Ikiwa theluji mpya imeanguka pamoja na upepo mkali, tunabeba. Ikiwa hali ya hewa imetulia siku kadhaa, tunaacha. Lilikuwa wazo langu, tena nililiona la kitaalamu, kwa sababu nilikuwa nasoma utabiri kwenye simu ndani ya treni kutoka Granville kwenda kazini, na kufika Alhamisi nilikuwa nimeshaamua vitu vya Jumamosi.

Jumamosi moja ya Septemba ilikuwa siku ya namna hiyo. Jua lilikuwa limewaka siku tatu mfululizo. Tulilala Jindabyne, mji ulio chini ya milima, asubuhi tukafika maegesho, nikafungua buti la gari, nikavitazama vile vifaa na kulifunga. Mpango ulikuwa kupanda kwa mgongo wa mlima na kushuka kwa njia ileile, mahali pasipo mwinuko mkali. Kwa mpango huo sioni kama tulikosea sana.

Tulipofika juu tukaona upande wa pili. Kulikuwa na bonde dogo lililoinama kwa ukali, jeupe kabisa, halijapitiwa na mtu. Upepo wa usiku, ambao sisi kule chini hatukuusikia, ulikuwa umekusanya theluji upande ule na kuilaza laini kama unga uliochekechwa. Mama aliniuliza kama tushukie pale. Nakumbuka kwamba nilifikiria vifaa, kisha nikafikiria kwamba tumeshafika na bonde lenyewe ni fupi. Nikamwambia atangulie.

Alipinda mara ya kwanza, akapinda mara ya pili. Mara ya tatu ufa ukatokea juu yake, ukakimbia kulia na kushoto, na kipande cha mteremko chenye upana wa nyumba kikaanza kuondoka pamoja naye. Hapakuwa na ngurumo kama nilivyokuwa nimedhani. Ilisikika kama gunia linaloburutwa sakafuni. Nilimwona akianguka, nikaona ski moja, kisha sikuona kitu.

Theluji ilipotulia, mkono na kichwa chake vilikuwa nje. Kifuani kwenda chini alikuwa amezikwa. Niliteleza vibaya hadi pale alipokuwa, nikavua ski moja na kuanza kuchimba kwa mkia wake, kisha kwa mikono. Nilishangaa jinsi theluji ile, iliyokuwa unga dakika mbili kabla, ilivyokuwa imegandamana kama saruji. Glavu zililowa, vidole vikafa ganzi. Sijui ilichukua muda gani. Mama hakupiga kelele. Aliomba kwa sauti ya chini, kwa Kifaransa, kisha akaacha kuomba na kunitazama nikichimba.

Magoti yake yalipotokea, akasema, "Dada, kama ningeingia mwili wote, ungenitafuta na nini?"

Nilimwambia asogeze mguu. Alisogeza mmoja, wa pili ulimuuma.

Tulishuka taratibu hadi maegesho, yeye akiegemea fimbo zake za kutelezea na bega langu, tukafika jua likiwa linazama. Goti lilikuwa limeteguka tu. Wiki tano hakuweza kuinua wazee kazini, akapangiwa kufua na kukunja mashuka, na wenzetu walipouliza alisema ameteleza. Hakunilaumu. Mimi ndiye niliyemwomba msamaha, jikoni, na akanijibu kwamba macho ya kuliona lile bonde alikuwa nayo hata yeye.

Tangu hapo hatuamui tena juu ya vifaa. Vinaingia kwenye begi tukiwa nyumbani na havitolewi mpaka turudi, hata kama jua limewaka wiki nzima, kwa sababu tumejifunza kwamba mpango wa Alhamisi hubadilika Jumamosi ukifika juu. Kinachoamuliwa mlimani ni mteremko, kwamba tunaushukia au hatuushukii. Pia tunafanya mazoezi. Jumapili baada ya kanisa ninaficha kiredio kimoja chini ya majani kwenye bustani ya Granville, naye anakitafuta kwa kingine, akiwa bado na viatu vya ibada. Bwana mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa alituuliza tumepoteza nini, akatusaidia kupekua majani mpaka mama alipomweleza.

Agosti iliyopita tulifika maegesho, tukawasha viredio, na cha mama kikaonyesha betri imekaribia kuisha. Betri za akiba nilizisahau mezani nyumbani. Theluji mpya ilikuwa imeanguka usiku, kila mtu pale alikuwa na haraka ya kupanda. Mama alikitazama kile kiredio, akaniuliza tunafanyaje, nami nikamwambia leo tutembee kando ya mto tu. Alikasirika kidogo. Tulizunguka kwenye tambarare hadi saa nane, tukanywa chai ya chupa, tukarudi Sydney.