Kicheko cha Jokébed

Jokébed hajui kutulia. Hata kanisani hukaa ukingoni mwa benchi, kana kwamba mahubiri ni gari litakalomwacha. Basi fikiria roho yake ilivyokuwa juu juu Jumatatu ile, siku ya tangazo lake la kwanza.

Mji wote wa Butembo, mashariki mwa Kongo, ulimjua kwa kicheko. Miaka yote, katika matangazo ya redio, mwanaume ndiye aliyesema: sabuni ni hii, godoro ni hili. Mwanamke aliuliza tu, "Papa, ulipata hii wapi?" kisha akacheka. Jokébed alicheka vizuri, akalipwa kwa kucheka, mpaka akachoka.

Mwaka huu akaanza kuandika matangazo mwenyewe. Wala hakuanza na sabuni. Alikwenda moja kwa moja kwa Kasonia, muuza mabati.

"Mwanamuke hapana kujenga," Kasonia akamwambia. "Donc nani atakusikia?"

"Mama yangu alijenga, papa. Acha nijaribu."

Kasonia akakubali shingo upande: mara moja tu, na wateja wasipokuja, arudi kwenye sabuni zake.

Jumapili zikaja habari kwamba watu wameuawa karibu na Mbau, alikozaliwa Jokébed. Ikatangazwa ville morte: kesho yake maduka yafungwe, mji uomboleze. Jumatatu asubuhi akampigia simu Lévi, fundi wa sauti redioni. Lévi akamwambia asihangaike, tangazo liko tayari, tena amelibandikia mwishoni kile kicheko chake cha zamani.

"Bila kicheko yako, batu batajua je kama ni publicité?"

"Lévi, batu banalia benye bamekufa. Utoshe ile kicheko."

Simu ilikuwa imekatika kabla Lévi hajasikia kwamba akiondoe. Na kwa ratiba ya redio, kicheko kingetoka mara tu baada ya majina ya marehemu kusomwa.

Siku ya ville morte hupati pikipiki. Jokébed akavua viatu, akapanda mlima mbio, akiruka mawe ambayo vijana walikuwa wamepanga barabarani. Alikuwa na hofu, na hasira pia: amehangaika miaka yote hiyo ili aje kuwacheka wafu wa kwao?

Alipofika redioni, majina yalikuwa yakisomwa. Akamwomba Lévi aliondoe tangazo.

"Mais iko mu programme," Lévi akanong'ona. "Siwezi kuacha nafasi bure."

"Basi nipe micro."

Karatasi yake ilikuwa imebaki nyumbani. Akasema kwenye kipaza sauti yaliyomjia.

"Miye Jokébed wa Mbau. Nyumba yetu ilichomwa. Mama alijenga ingine huku Butembo, na mabati alichagua yeye mwenyewe, kwa Kasonia. Duka itafunguliwa kesho. Leo tunalia."

Hajatoka hata mlangoni, Kasonia akapiga simu. "Unalia mu publicité yangu?" Akakata.

Jumanne akaenda dukani kuomba radhi, huku akijiona amesharudi kwenye sabuni. Mlangoni akakuta wanawake wamejaa. Mmoja, mama wa makamo aliyekimbia kutoka Mbau, alishika kamba yenye mafundo, kipimo cha paa lake. Kasonia alinyoosha mkono kuipokea.

"Hapana weye, papa," yule mama akasema. "Niko natafuta ule mama mwenye hakucheka."

Kasonia akamsogezea Jokébed kiti chake mwenyewe. Jokébed akapokea kamba, akakaa.