Siku Mama Rahabu Alipokula Yai

Wifi yangu Dorkasi alikuwa mwanamke wa kelele, na nasema hivyo kwa kumsifu. Kwaya ya Kilutheri pale Magamba ilimtegemea yeye kuanzisha nyimbo, maana sisi wengine, mimi Marta nikiwa wa kwanza, tulianzia juu mno tukaishia kukohoa. Kaka yangu Abrahamu alimwoa kwa ajili ya sauti hiyo, ingawa mwenyewe anadai ni kwa ajili ya upishi. Muongo!

Mwaka wa sabini na nne mvua ikatugomea. Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, ghala likawa tupu, tukaletewa unga wa njano wa msaada. Ikawa ugali asubuhi, ugali jioni. Miezi ikapita, na Dorkasi akabadilika. Ngozi ya shingo na mikono ikawa nyeusi, ikapasuka. Tumbo likamwendesha. Usiku halali, mchana analia bila sababu. Jumapili moja alisimama mbele ya kwaya, akatutazama kama watu asiowajua, akakaa chini bila kuimba. Nililia njia nzima hadi nyumbani.

Watu nao hawana dogo. Wakasema amerogwa, wengine wakasema amerukwa na akili. Ndugu wakakaa kikao, wakaamua: mwezi mmoja ukiisha bila nafuu, Abrahamu amrudishe kwao Shume, watoto wabaki. Nikawaambia hamna haya! Mama yangu Rahabu akaniamuru ninyamaze. Sikunyamaza. Kesho yake nilimshika wifi mkono nikampeleka zahanati, na mama akatufuata nyuma akinung'unika.

Bwana Nathanaeli, mganga wa zahanati, alimwamkia mama shikamoo, kisha akamgeukia Dorkasi.

"Unakula nini, mama?"

"Ugali."

"Kwa kitoweo gani?"

"Kwa chumvi. Siku nyingine kwa mboga za majani."

"Maharage je?"

"Hayo machache ya watoto."

"Maziwa?"

"Ya baba yao."

"Na mayai? Kuku si mnafuga?"

Dorkasi akamkazia macho. "Bwana mganga, mimi ni mwanamke."

Nathanaeli akaweka kalamu chini. Akatueleza polepole kwamba ndani ya maharage, maziwa na mayai kuna kitu kinaitwa triptofani. Ukikila, mwili unakigeuza. Sehemu yake inakuwa vitamini ya kulinda ngozi, tumbo na ubongo. Sehemu nyingine inatengeneza vitu vinavyoutuliza ubongo na kuleta usingizi. Mahindi peke yake yanacho kidogo mno.

"Huyu hajarogwa, wala si mwendawazimu," akasema. "Ana njaa, na huku ameshiba. Nitampa vidonge vya vitamini vimwinue, lakini asipobadilisha chakula mtamrudisha hapa hapa."

Haya! Vidonge akameza. Yai sasa? Nyumbani kwetu mwanamke hakula yai, eti atazaa mtoto mwenye upara. Upara! Ningependa kumwona huyo mtoto anayezaliwa na nywele za kusuka.

Jioni ile nilichemsha yai moja, nikampa Dorkasi mbele ya wote. Akamtazama mkwewe.

"Mama, sithubutu."

Mama yangu akanyoosha mkono akampokonya lile yai, na mimi nikajua mambo yameharibika. Kumbe! Akalimenya, akauma nusu, akatafuna amefumba macho. Abrahamu akabaki mdomo wazi. Mama akameza, akafumbua macho, akamgeukia.

"Abrahamu! Miaka yangu yote sitini wanaume mnakula hiki peke yenu, na hamsemi?"

Mama akachukua ile nusu iliyobaki, akamlisha Dorkasi kwa mkono wake mwenyewe. "Kula, mwanangu. Kama ni dhambi, nimeshatangulia."

Tulicheka hadi machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Tangu siku hiyo maharage yakagawanywa kwa wote, na maziwa pia. Siku chache tu tumbo likatulia. Wiki ya pili Dorkasi akalala usiku kucha, nami nikaenda mara tatu kusikiliza kama anapumua. Wiki ya tatu ngozi ikaanza kubanduka, mpya ikajitokeza chini yake, na akanikosoa jinsi ninavyosonga ugali. Nilifurahi mno hata sikukasirika.

Mwezi ulipotimia, ndugu wakaja kumalizia shauri lao. Wakaketi, nyuso nzito. Dorkasi akatoka jikoni na chungu cha maharage. Kwetu wanaume ndio hupakuliwa kwanza, wakatayarisha mikono. Yeye akachukua sahani, akajipakulia mwenyewe hadi ikajaa, akavuta kigoda akaketi katikati yao. Akala bila haraka hadi akamaliza.

"Haya, ndugu zangu," akasema akijifuta mdomo, "mlikuwa mnanipeleka wapi?"

Kaka yangu, sahani tupu mkononi, akasema hakuna anayekwenda popote, akangoja zamu yake.