Fundi aliyepasua hoja zake kwa msumeno

Saa nne asubuhi, somo la hesabu likiwa katikati, fundi wa madawati anabisha hodi Darasa la Nne na kuomba aya yake ya tatu.

"Aya gani tena, fundi?" anauliza mwalimu, chaki mkononi.

"Ile ya hesabu, mwalimu. Iko chini ya hao watatu pale dirishani."

Watoto watatu wanasimama. Fundi analipindua dawati, anavaa miwani na kuanza kunakili maandishi ya penseli yaliyo upande wa chini. Darasa zima linacheka, na mwalimu naye anashindwa kujizuia.

Hapa shuleni wanamwita Randa. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akikarabati madawati ya shule hii ya umma. Wiki iliyopita alisikia kwamba Ijumaa madiwani watapiga kura ya kulifuta fungu la matengenezo ya shule. Likifutwa, watoto watakaa chini, na kibarua chake kitaota nyasi. Hilo la pili halifichi.

Basi akaamua kuandika makala gazetini. Mhariri amempa nafasi ya maneno mia tatu, mwisho leo saa sita mchana.

Sasa, seremala ni seremala. Karatasi kwake ni ya kufungia misumari. Jambo la maana huliandika kwenye mbao. Jumamosi alizipanga hoja zake tano juu ya mbao tano kuukuu, akaridhika, akaenda zake nyumbani. Jumatatu akakuta watoto kumi na mmoja wamekaa sakafuni. Kwa haraka akazipima mbao zilezile, akazipasua na kuzipigilia kwenye madawati yao.

"Mkono umezoea," anasema. "Kichwa nilikiacha nyumbani."

Aya ya kwanza ameikuta Darasa la Pili, imekatwa katikati. Imebaki "Wahenga walisema", na walichosema hakijulikani kiko darasa gani.

Mkewe, ambaye ni mshonaji, hakumwonea huruma. "Mume wangu, shukuru hukuandika kwenye vitambaa vyangu," alimwambia. "Saa hizi ungekuwa unawafuata wake za watu na hiyo miwani."

Aya ya tatu, ya mwisho kupatikana, Mungu ni mwema, imetoka nzima. Mwalimu anaisoma kwa sauti. Fungu lililopo linanunua misumari na gundi tu, mbao hakuna. Kwa hiyo kila mwaka fundi huchukua madawati matatu mabovu na kutoa mawili mazima.

Mwalimu anageukia ubao. Tisini. Sitini. Arobaini. "Mwaka unaofuata?"

"Ishirini na sita," darasa linajibu, "na kipande."

"Na hapo misumari ipo," anaongeza Randa.

Binti wa dawati la mbele ananyoosha mkono. "Na isipokuwepo?"

Hakuna anayecheka. Randa anaramba ncha ya penseli na kuliandika swali hilo mwishoni mwa makala, kama lilivyoulizwa.

Saa tano na nusu yuko getini, makala mfukoni, akielekea gazetini kwa miguu. Namuuliza atataka nini iwapo madiwani watamsikiliza na fungu likaongezwa.

"Mbao mpya," anasema. "Shule hii sijawahi kuitengenezea dawati jipya, hata moja. Nataka kabla sijastaafu nitengeneze moja ambalo likivunjika, iwe ndiyo mara yake ya kwanza."