Namba Nzuri za Mume Wangu

Kwa miaka miwili nilimwonea wivu mume wangu kwa sababu ya sukari. Si kwa wanawake, maana huko sikuwahi kumshuku. Ni sukari ya kwenye damu. Sote wawili tuna kisukari, tunaishi Nyakato, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunakwenda kliniki pamoja, tumependeza kama waalikwa wa harusi. Tunatobolewa kidole kabla hatujanywa hata chai. Yeye anapata sita, mimi tisa.

Na aliyekuwa anafuata masharti ni mimi! Samaki wangu ni wa kuchemsha, na ndimu na nyanya. Ugali wangu ni wa dona, kiasi cha ngumi. Mchicha nimekula hadi nauchukia. Mwenzangu alikuwa akipita kwenye vibanda vya Mirongo kula samaki sato wa kukaanga, yule wa kukauka hadi mkia unatafunika, na chapati mbili, na soda. Nilijua kwa harufu ya shati lake. Ila siku mbili kabla ya kliniki anageuka mtawa: asubuhi uji bila sukari, jioni mboga za majani, basi. Jumatano kidole kinatoa sita.

Muuguzi wetu alikuwa binti mchangamfu, na tabasamu lake kubwa alimwekea mume wangu. Siku moja akamsimamisha mbele ya benchi zima la wagonjwa.

"Wazee wangu, mwigeni baba huyu."

Na yeye, bila haya hata kidogo, akatabasamu, akatoa nasaha. "Jamani, siri ni kujinyima. Mimi vya mafuta nilishaviaga."

Akina mama wakatikisa vichwa kama wako ibadani. Mmoja akanigeukia: "Na wewe mama, unaishi na mwalimu ndani, mbona humwigi?" Roho iliniuma. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilitembea mbele yake, na yeye nyuma anapiga mluzi.

Ningeweza kumwambia muuguzi. Neno moja tu lingetosha. Lakini ningeonekana mke mwenye kijicho, na kwa kweli nilikuwa nacho, kwa hiyo nikauchuna. Nilitaka aumbuke mwenyewe. Siku za mwizi ni arobaini, nami nilikuwa nazihesabu moja moja. Hata Jumapili ile tuliyokuwa tunatoka kanisani, kandambili ikamvuka mguuni naye akaendelea kutembea juu ya changarawe ya moto bila habari, hadi jirani akamwita kumrudishia, mimi nilicheka kuliko wote. Nilifurahi kuona kuna jambo limemshinda.

Halafu kikaja kipimo kingine. Muuguzi alisema safari hii damu itachukuliwa mkononi, maana cha kidole kinaonyesha sukari ya saa ile tu, lakini hiki kinaonyesha ya miezi mitatu.

"Sukari ikikaa nyingi kwenye damu siku nyingi," akasema, "inajibandika kwenye nyama za mwili. Mnajua andazi linavyobadilika rangi kwenye mafuta? Na ndani yetu ni karibu hivyohivyo, ila polepole. Inaacha kitu kama masizi kwenye sufuria. Mishipa inakakamaa, macho yanafifia, figo zinachoka, miguu inakufa ganzi, mtu anavuliwa kiatu asijue."

Akaongeza kwamba wataalamu wanaona masizi hayo mengine tunayala wenyewe, kwenye vitu vilivyokaangwa na kuchomwa hadi vikawa vya kahawia, ndiyo maana anatusisitizia kuchemsha. Jina la kitaalamu la masizi hayo ni refu, alilitamka mara moja tukamwomba asirudie.

"Na ukifunga siku mbili?" mume wangu akauliza, kwa sauti ya mtu anayemuulizia jirani yake.

"Kilichokwisha kujibandika hakibanduki kwa siku mbili, baba."

Nilimsikia muuguzi. Lile la kiatu nililisikia vizuri kabisa, na nikaikumbuka ile kandambili. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu: majibu yatatoka lini?

Yalitoka wiki iliyofuata. Nilivaa kitenge changu kipya. Yangu ilikuwa saba. Yake muuguzi aliisoma mara mbili kimoyomoyo, kisha akaitaja kwa sauti ndogo: kumi na moja na nusu. Ah, nisidanganye, ilikuwa tamu kuliko soda zote alizokunywa. Nikaligeukia benchi, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi dirisha la dawa: "Haya, mwigeni!"

Watu walicheka. Mume wangu naye alicheka, akitazama chini.

Muuguzi hakucheka. Alituingiza chumbani, akamwambia mume wangu avue viatu na soksi, alale kitandani.

"Miguu inakufa ganzi, baba?"

"Hapana. Mimi mzima."

Muuguzi akatoa kijiti chenye uzi wa nailoni, mfupi, kama kipande cha mshipi wa kuvulia. "Fumba macho. Kila nikikugusa, sema ndiyo."

Akaugusisha uzi kwenye kidole gumba hadi ukapinda. Mume wangu kimya. Akagusa chini ya vidole, kisha kisigino. Kimya. Nadhani alihisi kimya kimekuwa kirefu mno, kwa sababu alianza kubahatisha.

"Ndiyo," akasema. Muuguzi alikuwa ameinua mkono, uzi uko hewani. "Ndiyo. Na hapo pia."

Alikuwa na lile tabasamu la kwenye benchi. Bado alikuwa anashindana na mimi, na mimi kwa mara ya kwanza nilitamani anishinde, hata kwa kuiba. Muuguzi alinitazama. Nikaushika unyayo wa mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe, nikaukandamiza kwa kucha, nikamwomba Mungu mwenzangu aseme ndiyo.

Alisubiri, macho amefumba.

"Mbona umeacha, binti?" akauliza.