Marehemu Mume Wangu Yuko Hewani Kila Asubuhi

Admin, lifiche jina langu kabisa, maana wakwe zangu wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na sita, nina duka la kuchapisha hapa Gede.

Marehemu alikuwa mtu wa kompyuta. Laptop yetu ni kuukuu, inatumia Linux, na kila tukifungua meseji za wateja kwenye brauza inaganda, mteja kasimama. Siku moja akachoka. "Mke wangu, huku ni kukodi lori kubeba kitunguu!" Akaweka programu nyepesi ya meseji isiyotaka brauza. Ukiwasha mashine inajifungua yenyewe, na akaunti yake imo.

Kisha homa ikamchukua. Simu yake ikapotea hospitalini, laini ikafa. Mimi nikaendelea kuwasha laptop, ningefanyaje, kazi ni ile ile.

Kumbe kila nikiiwasha, watu wanamwona yuko hewani! Mamake kule Adu akamwona. Asubuhi moja nikafungua ujumbe wa sauti: "Mwanangu, nakuona. Umeamka salama?" Na kule kuufungua tu, alama zikamwonyesha kwamba umesikilizwa. Tangu hapo hutuma kila siku.

Mama akawaambia wazee kwamba koma, yaani roho ya mwanawe, haijatulia. Wakaenda kaburini, wakamwaga tembo la mnazi, wakamwomba apumzike. Wapi! Kesho yake nimewasha laptop, mwana yuko hewani tena. Nikafunga safari kwenda kumweleza ukweli. Akanishika mikono, anacheka na kulia: "Mwanangu, mumeo hajatusahau." Nikashindwa kumwambia. Nilirudi Gede na ukweli wangu kooni.

Msinambie niiondoe programu. Niliacha kuiwasha siku kadhaa, mama akasusa chakula, ati kamuudhi mwanawe.

Leo kasema hivi: "Mwanangu, dawa za presha nimeziacha. Nataka kuja huko uliko. Kama hutaki, niambie. Ukinyamaza, nitajua umekubali."

Nimeshausikia, na alama zimemwonyesha. Nampigia, hapokei. Nimemtuma shemeji aende mbio, lakini yuko mbali. Hapa nilipo nimeandika kwa jina la marehemu, "Mama, kunywa dawa," na bado sijatuma. Nikituma, nimemfufua mume wangu kwa uongo, na kesho mama atataka neno lingine. Ndugu zangu, nitume? Nijibuni upesi, mama anasubiri.